Fundi, niachie mlango wa kupandia darini

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Gungu, Kigoma. Gazeti lako huku hunifikia limechelewa, mara nyingine nalikuta limeshafungiwa vitumbua, lakini la Jumamosi ya majuma mawili yaliyopita nililinunua zima na nikalisoma lote. Katika ukurasa wa nyumba, mwandishi wako anasema jipsamu, zile bodi za dari zenye karatasi pande zote mbili, ni urembo wa watu wa Dar es Salaam, na kwamba sisi wa mikoa ya mvua nyingi turudi kwenye dari za mbao au tukae chini ya bati tupu. Naomba nafasi nimjibu. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha hesabu shule ya msingi miaka 34. Sina duka la vifaa vya ujenzi. Ila jipsamu imewahi kunidondokea sebuleni, na nikaipandisha tena kwa mikono yangu na ya mpwa wangu, kwa hiyo naongea habari niliyoishika.

Nyumba aliijenga marehemu mume wangu, baharia wa ziwani. Dari tuliiweka baadaye, kwa sehemu ya kiinua mgongo changu. Fundi alikuja na picha kwenye simu, nikachagua ile yenye mduara katikati na taa za bluu pembeni. Kwa miaka mitatu majirani walikuwa wakiingia wanatazama juu kwanza ndipo wanisalimu.

Mwaka wa nne likatokea doa. Dogo, rangi ya chai ya mkandaa, limekaa kama kisiwa karibu na ule mduara. Nikamwita fundi jipsamu. Akalitazama akasema, "Mwalimu, hilo siyo langu, ni la fundi bati." Nikamwita fundi bati. Akapanda juu, akatembea tembea, akapaka lami pale alipokadiria kuwa ndipo juu ya doa, akashuka. "Mabati yako mazima, Mama. Hilo ni jasho la bati tu, mwite huyo wa jipsamu alizibe." Nikamlipa. Wa jipsamu akarudi, akapitisha pauda, ule unga wa jipsamu unaokorogwa na maji, juu ya doa, akapaka rangi nyeupe ya maji, dari ikawa mpya. Nikamlipa naye.

Baada ya wiki mbili kisiwa kikarudi, na sasa kilikuwa bara. Baadaye sana ndipo nilipoelewa: doa la maji halizibwi na rangi ya maji, kwa sababu ile rangi ya chai inayeyuka tena na kupenya juu. Linataka kwanza likauke kabisa, lipakwe koti la rangi ya mafuta, ndipo nyeupe ije juu yake. Lakini hata hilo ni la mwisho. Kupaka rangi wakati maji bado yanaingia ni kumpaka mgonjwa poda.

Mvua zetu hapa hazina masika na vuli kama za Pwani. Zikianza mwishoni mwa Oktoba au Novemba, zinakuja na kwenda hadi Aprili, wakati mwingine Mei. Kufika Februari dari ilikuwa imefanya tumbo. Usiku mmoja, saa nane, ikashuka. Nilidhani nitasikia kitu kikivunjika. Nikasikia kama mtu kadondosha gunia la unga. Nilipowasha taa ya simu nikakuta bodi mbili juu ya makochi, na juu ya hizo bodi, Mhariri, kinyesi cha popo cha kujaza ndoo. Miaka yote hiyo nilikuwa nimewapangisha bila kujua.

Fundi akaja asubuhi kunipa hesabu yake: bodi 11, na ufundi wake, dari yote mpya. Hapo alikosea mtu. Sebule yangu ni futi 16 kwa 12, yaani futi za mraba 192. Bodi moja ni futi 8 kwa 4, yaani 32. Nikamwambia, "Mwanangu," hili ni swali la darasa la tano, jibu lake ni sita. Akasema zingine ni za kuvunjika. Tano za kuvunjika kwenye sita za kazi! Nikamshukuru, nikampigia mpwa wangu, seremala, Kasulu.

Mpwa alipofika aliuliza jambo moja ambalo hakuna fundi aliyewahi kuuliza: "Shangazi, mnapandia wapi darini?" Tukazunguka nyumba nzima, sebule, vyumba, korido, stoo. Hakuna. Nyumba yote ilikuwa imefungwa kama mtumba. Kwa hiyo wale wawili niliowalipa hawakuwahi kuona katikati ya bati na bodi. Mmoja alitazama kutoka juu, mwingine kutoka chini, na maji yalikuwa hapo kati, mahali pasipo na mwenyewe. Tundu lililoanguka ndilo likawa mlango wetu wa kwanza.

Tulizima umeme kwenye swichi kubwa kabla ya kugusa chochote, maana waya zote zilikuwa zimelala juu ya bodi, nyingine zimelowa. Kinyesi cha popo hatukukifagia kikavu. Tulikinyunyizia maji kwanza, tukafunga pua na mdomo, kwa kuwa vumbi lake huweza kuwa na ukungu unaoumiza mapafu. Mpwa akapanda, akakaa kimya muda mrefu, kisha akaniita. Nikapanda, na miaka yangu hii, juu ya meza na ngazi.

Alinionyesha mstari mweusi, mwembamba kama njia ya siafu, kwenye mbao ya kenchi, ile fremu inayobeba mabati. Tukaufuata kwa mwanga wa simu. Ulianzia juu ya korido, chini ya kofia ya bati inayofunika kilele cha paa, ukateremka na mbao hatua nne nzima, ukafika kwenye kiungo na hapo ndipo matone yalipoachia. Juu ya korido tukaukuta msumari ambao mpira wake umepasuka na tundu limepanuka. Jua lilikuwa likipenya hapo, jembamba kama sindano. Lami ya fundi bati ilikuwa mbali, juu ya bati zima lisilo na kosa. Mume wangu alikuwa akisema melini maji unayaona yalipochokea, huyaoni yalipoingilia. Nilikuwa nikidhani ni maneno ya mabaharia tu.

Dawa ilikuwa misumari kumi na moja yenye mipira mipya. Nimeiandika kwa maneno ili mwandishi wako asidhani ni makosa ya uchapaji.

Tukiwa bado juu, mpwa akapima mbao zilizobeba dari. Zimeachana futi tatu. Bodi yenyewe ni ya milimita 9, ile nyembamba ya dari, na kwa nafasi hiyo ingefanya tumbo hata bila tone la maji. Kumbe zile bodi nne zilizobaki juu, kavu kabisa, nazo zilikuwa zimeanza kulegea. Ukitazama kwa pembeni unaona mawimbi. Hapo nakiri fundi alikuwa na haki nusu: dari yote ilibidi ishuke. Lakini ilibidi ishuke kwa kosa lake, na alikuwa anakuja kunilipisha bodi 11 ili alirudie.

Tulizipanga mbao upya kila inchi 16. Nilipoiona namba hiyo nilifurahi kama nimekutana na mwanafunzi wangu wa zamani. Bodi ina inchi 48 kwa 96, na 16 inaingia mara tatu huku, mara sita kule, bila baki. Maana yake kila ukingo wa bodi unaangukia katikati ya mbao, na bodi mbili zinagawana ubao mmoja, kila moja na nusu yake. Mbao tulichagua zilizokauka. Zile mbichi zinazouzwa barabarani zikikaukia juu zinajipinda, na vichwa vya skrubu vinachungulia chini kama macho ya kaa.

Mduara na taa za bluu nikaviacha. Safari hii dari ni bapa, nyeupe, basi.

Kukata bodi ni kazi nyepesi kuliko inavyoonekana. Unachana karatasi ya mbele kwa kisu kwenye mstari, unaikunja kwa nyuma, inakatika kama biskuti, kisha unakata karatasi ya nyuma. Wajukuu waligombea zamu. Kuipandisha ndiyo shughuli: kilo 20 na ushei, kubwa kuliko mlango, na ukiibeba kwa bapa inakatikia mikononi, hubebwa kwa ubavu. Mpwa alitengeneza nguzo mbili za herufi T, ndefu kidogo kuliko kimo cha dari, tukaiinua bodi, tukaikaza kwa nguzo, mikono ikabaki huru. Safu ya katikati tuliianza na nusu bodi ili viungo vipishane kama tofali, na bado hesabu ni ileile, sita. Ya kuvunjika ilikuwa kona moja, ambayo mjukuu aliikanyaga.

Kwenye skrubu ndipo nilipoona kwa nini ufundi ni ufundi. Kichwa kinatakiwa kizame kidogo tu, karatasi ibonyee bila kuchanika. Ukikaza zaidi unasikia mchakacho mdogo, na hapo skrubu imekwisha kazi, kwa sababu kinachoshika bodi ni ile karatasi. Jipsamu ya ndani peke yake haishiki kitu. Mpwa alikuwa akisikiliza drili kama dereva anavyosikiliza injini. Za kwangu nne za mwanzo zilichana, akaniongezea nyingine pembeni na hakusema neno, jambo ambalo liliniuma kuliko angesema.

Na pauda. Naomba hili uliandike lote, Mhariri, hata ukikata mengine. Mafundi wetu wengi huchanganya ndoo nzima, ikianza kushika wanaongeza maji kuirudisha. Jipsamu hairudi. Ikishaanza kushika inageuka jiwe tena, kama ilivyokuwa ardhini, na maji unayoongeza yanaitengua tu. Kiungo kitaonekana kizuri siku ya malipo, na kitapasuka ufa mwembamba kabla ya Pasaka. Halafu ndoo ioshwe kila mara. Yale makombo makavu ya mchanganyiko wa kwanza yakibaki, yanauharakisha wa pili kushika, mpaka unadhani umeuziwa pauda mbovu. Sisi tulikosana na muuza duka soko la Mwanga kwa ajili hiyo, kumbe kosa lilikuwa kwenye ndoo yetu. Nilikwenda kumwomba radhi.

Viungo vilipigwa utepe wa wavu, kisha koti tatu, kila moja pana kuliko ya kabla yake, na kila moja ikisubiri iliyotangulia ikauke. Msasa tulipiga wiki nzima iliyofuata, jioni jioni. Usiku nilikuwa nazima taa, naweka simu dirishani juu, mwanga ukilala kwenye dari, na kila kovu likatoa kivuli chake. Mchana dari ileile ilionekana laini kama ganda la yai. Nawashauri wote wanaopokea kazi kwa fundi wapokee usiku, kwa tochi ya ubavuni, kabla ya kutoa fedha ya mwisho.

Sasa nirudi kwa mwandishi wako. Ni kweli maji ni adui wa jipsamu. Nililowesha kipande kwenye beseni asubuhi, jioni karatasi ilikuwa ikibanduka kama ganda la kiazi kilichoiva, na ndani pamelainika. Ndiyo maana bafuni kwangu haipo, na ukuta wa jipsamu wa kugawa chumba hatukuufikisha sakafuni: tuliacha nafasi ya kidole na kuifunika kwa ubao, kwa kuwa sisi nyumba tunadeki kwa maji, na bodi inayogusa sakafu inayanywa kama utambi. Lakini kipande kingine mpwa alikitupa kwenye jiko la mkaa. Karatasi ikaungua, chenyewe kikabaki kimekaa, hakikushika moto. Jiwe la jipsamu, karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani, na moto lazima uyatoe hayo kwanza. Mwandishi anayetushauri turudi kwenye dari za mbao, katika nyumba tunazopikia mkaa na umeme ukikatika tunawasha mishumaa, hilo hakulipima.

Wala hili jiwe si la kigeni. Linachimbwa Makanya kule Same, na Itigi mkoani Singida, ambako treni yetu ya kwenda Dar es Salaam hupita. Mwandishi wako angeteremka Itigi asingeandika "urembo wa Dar es Salaam".

Onyo moja niliweke hapa ingawa halikunihusu: nyumba za zamani za serikali na mashirika, zenye mabati mazito ya kijivu ya saruji, wakati mwingine na dari ni za namna hiyo. Hiyo inaweza kuwa asbesto. Usiivunje, usiikate, usiipige msasa, vumbi lake huua polepole. Mwite anayejua.

Huo ukuta wa kugawa chumba nilioutaja una kisa chake. Ni wa bodi za milimita 12, zinazofaa ukuta, na bado mjukuu alifungua mlango kwa nguvu kitasa kikatoboa tundu la kuingiza ngumi. Fundi angebadilisha bodi nzima. Mpwa alilikata tundu likawa mraba safi, akachukua ubao mwembamba mrefu kuliko tundu, akaufunga kamba katikati, akaupitisha ndani kwa mshazari, akauvuta kwa kamba mpaka ukakaza nyuma ya bodi, akaupiga skrubu juu na chini. Kisha akakata kipande sawa na ule mraba, akakiweka juu ya ubao kama kiraka cha suruali, wavu, pauda, msasa. Kazi ya kuanza saa nne, na saa saba tulikuwa tunakula migebuka. Nikakumbuka nilivyolipa mara mbili kwa ajili ya doa.

Ninachoomba ni hiki, na nakielekeza kwa mafundi, kwa wenye nyumba na kwa ukurasa wenu wa nyumba. Kila dari ya jipsamu iwe na mlango wa kupandia. Wa kwangu ni juu ya korido, inchi 24 kwa 24, fremu ya mbao na kipande cha bodi ileile kinachoinuliwa kwa mikono miwili, ukipita chini huuoni. Fundi akikuambia unaharibu urembo, mwambie huo mlango ndio urembo uliobaki. Na anayekuja kuweka dari apande kwanza aone mabati kwa ndani, mchana, jua likiwa kali, kwa sababu wakati huo kila tundu linajionyesha lenyewe. Akishaweka bodi bila kutazama, doa ni lake. Hapa Kigoma tuna chuo cha ufundi cha VETA. Nawaomba walimu wenzangu wa huko wawapandishe vijana wa dari na vijana wa mabati juu ya kenchi moja, siku moja, kila mmoja aione kazi ya mwenzake kwa upande wa nyuma. Leo hii hawajuani, na bili ya kutojuana kwao inaletwa sebuleni kwangu.

Popo tuliwangoja watoke jioni, siku tatu mfululizo, ndipo tukaziba pembe za paa kwa wavu. Mmoja alichelewa, tukamfungulia tena.

Mvua ya kwanza ya Novemba ilipopiga, saa tisa usiku, niliamka nikachukua ngazi, nikasukuma mlango wangu, nikakaa nimetoa kichwa juu kama kobe, tochi mkononi, bati likinguruma juu ya kilemba. Ule mstari mweusi ulikuwa bado upo kwenye kenchi, lakini nilipoupitisha kidole kilirudi na vumbi.

Mwandishi wako akipata safari ya Kigoma namkaribisha. Ngazi ipo nyuma ya mlango wa jikoni.

Mwalimu mstaafu,
Gungu, Kigoma